Mlio Niliopuliza Juu ya Mto Usa

Ncha ya tarumbeta ya shaba ikilala nje usiku mmoja chini ya Mlima Meru, asubuhi usiitie mdomoni. Itakuchuna ngozi. Itie kwanza kwapani, piga soga na wenzako kidogo mpaka shaba ishike joto lako, ndipo upulize. Hili sikufundishwa na Mdachi yeyote. Nilifundishwa na mdomo wangu mwenyewe, uliovimba nikawa nakunywa uji kwa upande kama mbuzi mgonjwa.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo mnalouliza, ninyi vijana mnaokuja kibarazani kwangu hapa Ng'arenaro. Wadachi wamekwenda zao. Waingereza wamekaa palepale bomani walipokaa wenzao, na wao pia wanaandika askari. Mmesikia kwamba mpiga tarumbeta habebi bunduki, hulala karibu na jiko, na hapewi zamu ya lango mvua inaponyesha. Yote ni kweli. Mnataka niwafundishe kabla sijafunga tena mzigo wangu, maana mnanijua. Nimepita miaka arobaini na sijawahi kula mavuno mawili ya shamba moja. Niliondoka Tanga nikiwa nimetoka tu shuleni, na tangu siku ile kila njia ninayoiona nadhani inaniita.

Basi nitawafundisha. Lakini mkinisikiliza mtanisikiliza kwa namna yangu, na namna yangu ni ya mtu apitaye njia ya mlimani: haendi moja kwa moja.

Tarumbeta ya jeshi haina vitufe vya kubonyeza. Yote hutoka mdomoni. Ukikaza midomo sauti hupanda, ukiilegeza hushuka. Usinywe maziwa ya mgando kabla ya zamu, yanatia utando kooni. Ukiisugua, tumia jivu na ndimu, usitumie mchanga. Mchanga huila shaba. Na ukungu ukishuka mlimani, kama unavyoshuka karibu kila asubuhi kipindi cha mvua, simama mahali pa juu, maana bondeni sauti hugonga ukingo wa pili ikarudi, na askari wataelekea huko ilikorudia. Niliwahi kuwapeleka watu wazima na akili zao ndani ya mto kwa njia hiyo.

Milio ni mingi, lakini ya kwanza kujifunza ni michache: kuamka, chakula, hatari, kusonga mbele, kusanyika. Wa kusonga mbele hupanda, mkali, kama mtu anayepanda ngazi mbio. Wa kusanyika hushuka, ukatulia, ukashuka tena, kama mama anayewaita watoto jioni. Hata mtoto mchanga hawezi kuichanganya hiyo miwili. Kumbukeni neno hilo, maana karibu linipeleke kwenye kitanzi.

Aliyenifundisha alikuwa Shaushi Murjani. Shaushi ni cheo. Ndiye aliyekuwa na watu chini yake na Mdachi juu yake. Yeye alikuwa Msudani, mweusi, mrefu, mwenye ndevu za mvi alizozipaka hina siku za sikukuu. Wadachi walimchukua Misri akiwa mtu mzima, naye huko Misri alikuwa mpiga tarumbeta kabla sijazaliwa. Alinifundisha kwa kunikanyaga kidole cha mguu kila nilipokosea. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga mlio vibaya, kidole gumba kinaniuma.

Siku moja nyati aliingia uani mwa boma. Lango lilikuwa wazi kwa ajili ya wabeba chokaa, naye akapita kama aliyeitwa. Mimi nilikuwa ukutani, mgeni bado kazini, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Kumbe kwa hofu nikapuliza mlio wa chakula. Askari wote wakatoka mbio na sahani mkononi. Rafiki yangu Masanja, Msukuma mmoja asiyeweza kufunga mdomo hata akiwa usingizini, alifika wa kwanza, akamwona nyati, akasimama na sahani yake.

"Tarumbeta," akaniita, maana ndilo jina walilokuwa wakiniita, "leo nyama umeileta nzima nzima? Basi mwambie alale chini."

Nyati alitoka kwa hiari yake baada ya kuvunja tangi la maji. Mimi nilikanyagwa kidole mpaka nikaona nyota. Lakini baadaye Shaushi alikaa nami chini, akasema, "Ya walad, kijana wangu, umeona? Wamemwona nyati kwa macho yao, na bado wamekuja na sahani. Askari hasikii kwa masikio. Husikia kwa miguu. Tarumbeta ikilia, miguu imekwisha kwenda kabla akili haijavaa kofia."

Nilicheka siku ile. Mwaka uliofuata sikucheka.

Vijana, nitawaambia jambo litakalowashangaza. Mimi nalikumbuka jeshi lile kwa hamu. Naukumbuka ule mwendo wa alfajiri kutoka Arusha kuelekea Moshi, vumbi la watu wengi wanaokwenda hatua moja, nyimbo, harufu ya ngozi na mafuta ya bunduki, mlima umetoa kichwa mawinguni upande wa kushoto. Wakati mwingine naota nimechelewa kupiga mlio wa kuamka, naamka nimekaza midomo. Mtu hawezi kuuchagulia moyo wake upende nini. Lakini kumbukeni pia jeshi lile lilikuwa likifanya kazi gani. Boma lile jeupe mnalopita mkienda sokoni lilijengwa kwa mabega ya Waarusha na Wameru, waliopigwa viboko wakibeba mawe, na mbele yake palikuwa na mti wa kunyongea uliotumika. Kijiji kikichelewa kuleta watu wa kazi, tulitumwa sisi. Tulichoma nyumba, tukakata migomba. Migomba, mnaielewa? Mlimani humu mwenye migomba ana chakula, ana pombe ya mahari, ana majani ya kuezekea na kulisha ng'ombe. Ukimkatia, umemwua, ila humwoni akifa.

Mara moja tuliporudi kutoka kazi ya namna hiyo, upande wa magharibi wa mlima, nilikaa na Shaushi ukutani. Moshi ulikuwa bado unaonekana. Nikamuuliza, "Shaushi, dhambi ya moto ule ni ya nani?"

"Ya aliyeagiza."

"Na sisi?"

"Mimi ni mkono. Wewe ni mdomo. Mkono hauendi mahali usipotumwa. Siku ya hukumu ataulizwa mwenye kichwa."

"Kwenu mwizi akishikwa, Shaushi, sheria hukata nini? Hukata kichwa?"

Alikuwa mtu wa sala tano, sheria aliijua.

"Hukata mkono," nikasema mwenyewe.

Alinipiga kofi la kisogoni, kofia yangu ikaanguka nje ya ukuta. "Nenda kaiokote," akasema, "na ulimi wako uuache hukohuko." Lakini usiku ule alikosa usingizi. Najua kwa sababu mlango wa nyumba yake ulikuwa ukilia, nao ulilia mpaka alfajiri.

Sasa niwaambie habari ya Mama Kaaya na mbuzi wake, maana bila yeye hadithi hii haina miguu.

Alikuwa mama mtu mzima wa Kimeru, wa kilima kimoja juu ya Mto Usa. Kilima chenyewe sitakitaja, wenyewe wanajijua. Alikuwa akija bomani kuuza ndizi na maziwa ya kibuyu, na alikuwa na mbuzi mmoja mwekundu aliyemfuata kama mbwa. Siku moja niliiweka tarumbeta yangu jiweni nikaenda kuchota maji. Niliporudi, mbuzi alikuwa amekwisha kula ule ugwe wa rangi wa kuning'inizia begani, na sasa anaitazama tarumbeta yenyewe. Ugwe ule ulikuwa mali ya Kaisari. Nilipiga kelele, nikamwambia yule mama kwamba mbuzi wake atachinjwa na yeye atabeba mawe mpaka azeeke mara ya pili.

Kesho yake akaja na kibuyu cha maziwa na jani moja refu la kijani, lenye ncha. Akanipa vyote kwa mikono miwili, kimya. Wanawake wenzake walisimama nyuma yake. Maziwa nikayanywa. Jani nikaligeuzageuza, nikaona laini, nikaanza kuifutia tarumbeta.

Wale wanawake waliguna pamoja, kama watu walioona mtoto anatembea ukingoni mwa kisima.

"Mwanangu," akasema Mama Kaaya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, "hiyo si kitambaa. Hiyo ni sale. Ukipewa, kama unapokea, maneno yamekwisha. Kama unatupa, unasema unataka damu. Sasa wewe unasugua. Kusugua ni nini? Sisi hatuna neno la kusugua."

Masanja, aliyekuwa hapo, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwambie ni neno la pwani, mama! Kusugua maana yake anataka mbuzi mwingine!"

Mimi niliona haya. Nikamwomba radhi, nikaliweka lile jani kofiani, nikalivaa siku nzima mpaka Shaushi akaniamuru nilitoe. Tangu hapo mama yule hakunipita bila kuniamkia, na akawa akinieleza mambo ya kwao. Mtu aliyeua mtoto wa jirani akija na sale, aliniambia, atasikilizwa. Atalipa ng'ombe, atalia, lakini mkono hauinuliwi juu yake wakati jani liko hewani. Hata wakati wa vita vyao na jirani, jani hilo lilisimamisha mikuki.

Mwisho wa mwaka ule vijana wa kilima chao walikimbia kazi ya mawe. Mmoja alikuwa amepigwa hadi akafa pale penye tanuri la chokaa, na wenzake hawakungoja zamu yao. Walikwenda kujificha msituni, juu ya mashamba. Luteni wetu akaapa kukifuta kilima.

Huyo Luteni tulimwita Bwana Sasahivi, kwa sababu kila alichotaka alikitaka sasa hivi: chai, nyumbu wake wa kupanda, kifo cha mtu. Alikuwa kijana, mwenye kumwandikia mama yake kila juma. Jioni alitupanga, akatupa amri. Tutakizunguka kilima kabla jua halijatoka. Mkono wa kushoto utapita korongoni, mkono wa kulia utapita kwenye migomba. Kwa kuwa sauti ya mtu haitafika pande zote, ishara ni tarumbeta. Ukilia mlio wa kusonga mbele, piga kila kinachosimama, kisha choma. "Kila kinachosimama," alirudia. "Siulizi ni mwanamke au ni mtoto. Wakiisha hawa, vilima vingine vitaleta watu bila kuitwa."

Njiani hakuna aliyeimba. Tulivuka Mto Usa maji yakiwa magotini, baridi kama kisu. Masanja alikuja karibu nami, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema kwa sauti ndogo.

"Tarumbeta, hivi wewe ukipuliza, mimi nikapiga, yule mama wa mbuzi akifa, ni nani kamwua?"

"Muulize Shaushi."

"Nimemwuliza. Kaniambia nitazame mbele."

Kulipopambazuka tulikuwa mahali petu. Mimi nilisimama kwenye mwinuko, kando ya nyumbu wa Luteni, Shaushi na Masanja na kikosi chao wakiwa hatua chache mbele yetu, bunduki zimejaa. Wengine sikuwaona, walikuwa korongoni. Ukungu ulikuwa umetanda, kisha ukainuka kidogo, na ndipo tulipowaona watu wa kilima.

Hawakukimbia. Hilo ndilo lililotushangaza. Walikuwa na nafasi ya kukimbilia msituni, kwa maana mbwa walikuwa wamebweka kitambo, lakini walitoka nje ya migomba yao, wakaja uwanja wa malisho, peupe kabisa, wanawake mbele, wazee, watoto mgongoni. Na kila mmoja alikuwa ameinua jani la sale.

Mnaona walivyokosea? Walikosea kosa ambalo ni wao tu wangeweza kulikosea. Walidhani hakuna binadamu asiyelijua jani lile. Maisha yao yote lilikuwa ngao kuliko ngao, na sasa wamelishika mbele ya watu wa Tanga, wa Usukuma, wa Sudani na wa Udachi, ambao kwao ni jani tu. Lile jani liliwatoa mafichoni likawapanga mbele ya bunduki. Mama Kaaya alikuwa katikati, ameinua mkono, na alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu katika wote wale alinijua mimi.

"Vizuri," akasema Luteni. "Wamejileta. Puliza."

"Bwana, wanaomba amani. Lile ni jani la amani. Huku mtu akikuinulia jani lile, humgusi."

"Sikuja kuchuma majani. Puliza."

"Bwana, kuna watoto."

"Puliza sasa hivi!"

Nikaitoa tarumbeta kwapani. Ilikuwa na joto. Vijana, ninyi mnadhani wakati kama ule mtu huwaza mambo makubwa. Mimi niliwaza kidole changu cha mguu. Niliwaza nikikosea huu, hakuna wa kunikanyaga tena. Nilijua pia kwamba bila ule mlio watu wa korongoni hawatajua la kufanya, na kwamba miguu ya askari wote, kushoto na kulia, ilikuwa mkononi mwangu, mimi nisiye na bunduki. Kwa miaka yote nilikuwa nikijifariji kwamba sijawahi kumpiga mtu risasi. Siku ile nikaona nilikuwa nimepiga zote.

Nikajaza kifua. Nikapuliza kusanyika.

Nikaupuliza kama sijawahi kuupuliza: ukashuka, ukatulia, ukashuka tena, ukaenda ng'ambo ya korongo ukagonga mlima ukarudi, ikawa kana kwamba mlima wenyewe unawaita watu. Luteni aligeuka juu ya nyumbu wake, uso umekuwa mwekundu. Mimi nikaupuliza mara ya pili.

"Hapana! Mbele! Mbele! Piga!" alipaza sauti. Watu wa korongoni hawakumsikia. Lakini kikosi cha Shaushi kilimsikia vizuri kabisa. Alikuwa nyuma yao, karibu kama mlivyo karibu nami hapa.

Hapo ndipo nataka mtulie. Watu wengi wanaoisimulia habari hii husema askari walidanganywa na tarumbeta, miguu yao ikarudi yenyewe kama siku ya nyati. Wa korongoni, ndiyo, nakubali. Lakini wale wa mbele walikuwa na amri mbili, moja katika sikio hili, nyingine katika sikio lile. Hakuna mguu unaoweza kwenda kokote hapo mpaka mwenyewe auambie. Nilimwona Masanja akitazama kulia kwake, kumtazama Shaushi. Wote walimtazama Shaushi.

Shaushi Murjani alikuwa na bunduki begani, ameshalenga. Alikaa hivyo. Niliuona mgongo wake tu, mgongo wa mtu aliyetii mabwana wawili au watatu tangu ujana wake na hakuwahi kukosa gwaride. Kisha bunduki ikashuka. Akageuka nyuma, akapaza ile sauti yake ya Misri:

"Kikosi! Nyuma geuka! Kusanyika kwenye tarumbeta!"

Wakageuka kama mtu mmoja. Na wa korongoni nao wakapanda mbio, wakihema, wakajipanga mistari mbele yangu, bunduki zimesimama, macho mbele. Gwaride safi, vijana! Kama Kaisari mwenyewe angekuwapo angelisifu. Luteni akachomoa bastola, akaielekeza kichwani pangu. Nikaliona tundu lake. Kisha akainua macho akaiona kompania nzima imesimama, inamtazama yeye, na hakuna hata mmoja anayetazama kilimani. Bastola ikateremka polepole, ikarudi ilikotoka.

Alipogeuka kilimani, ukungu ulikuwa unashuka tena, na watu walikuwa wanaingia msituni, ng'ombe mbele, watoto mgongoni. Mama Kaaya alikuwa wa mwisho. Hakukimbia. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi: wameinua jani, jani limepokewa, maneno yamekwisha. Mpaka leo haamini nikimwambia jinsi ilivyokuwa karibu.

Hakuna aliyekufa kilimani siku ile. Hata kuku. Tukashuka, na tulipovuka Mto Usa Masanja akaanza wimbo, taratibu, kwa pua, wimbo alioutunga palepale:

"Kusanyika, kusanyika, ewe mwana wa mama, nyumbani umeitwa."

Wa nyuma yake akaupokea, na wa nyuma yake, mpaka kompania yote ikaupokea, tukapita njia yote ya Arusha tukiimba mbele ya uso wa Luteni, naye juu ya nyumbu wake hana la kufanya. Nimetembea sana duniani, lakini mwendo ule sijauona tena. Vumbi lenyewe lilikuwa kama linacheza.

Tulipofika bomani nilifungwa pingu. Keshoye Bwana Mkubwa wa boma, mzee mkimya mwenye miwani, alikaa uani tukapangwa mbele yake. Jambo lilikuwa moja tu. Nikionekana nimekosea, ni viboko. Nikionekana nimekusudia, ni mti ule wa nje ya lango. Kamba ilikuwa imeshatundikwa. Mshale wa kwanza wa jua ulikuwa juu yake, nikaitazama ikiyumba.

Aliwauliza askari mmoja mmoja. Ulisikia nini? Na mmoja mmoja wakajibu, "Tarumbeta, Bwana." Hukumsikia Luteni? "Tarumbeta, Bwana." Masanja alipoulizwa aliona nini, akasema, "Niliona mgongo wa mwenzangu, Bwana. Ikilia kusanyika, mimi huona migongo tu. Ndivyo nilivyofundishwa na Wadachi, Mungu awabariki."

Sikuwalaumu. Kila mmoja alikuwa anajificha nyuma ya shaba yangu, nami niliwapa wajifiche. Lakini kadiri walivyosema "tarumbeta", ndivyo kamba ilivyonisogelea.

Wa mwisho alikuwa Shaushi. Alikuwa amepaka hina ndevu zake, ingawa haikuwa sikukuu.

"Wewe ndiye uliyemfundisha huyu?" akauliza Bwana Mkubwa.

"Mimi."

"Milio hii miwili, mpigaji aliyefundishwa aweza kuichanganya?"

Shaushi hakuwahi kusema uongo mbele yangu, hata wa mzaha.

"Ya mdomo wake aulizwe yeye," akasema. "Mimi nitakujibu ya mkono wangu. Mpiga tarumbeta hana cheo cha kumgeuza mtu, Bwana. Mimi ninacho. Bwana Luteni alisema 'mbele', nilimsikia neno kwa neno. Nikawageuza watu mimi."

"Ulitii tarumbeta," akasema Bwana Mkubwa. Aliisema polepole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango, maana alikuwa akimpenda mzee yule, na shaushi wa namna ile hapatikani sokoni. "Ulichanganyikiwa na amri mbili, ukatii tarumbeta. Sivyo?"

"Sivyo, Bwana. Hata isingelia, ningewageuza."

Luteni akapiga kelele kwa Kidachi, akiuonyesha mti kwa mkono. Bwana Mkubwa hakumjibu. Alikuwa akitutazama sisi, safu kwa safu, kama mtu anayelitazama daraja kabla ya kulivuka. Alikuwa na mlima mzima wa kuutawala na sisi tu wa kuutawalia. Akavua miwani, akaifuta. Akatoa hukumu: mimi, viboko ishirini na tano na kufukuzwa. Murjani, kuvuliwa cheo palepale mbele ya kompania, na atoke jeshini hivyo alivyo.

"Leteni kisu," akaamuru Luteni, "mzikate alama zake za cheo."

Kila askari pale uani alikuwa na kisu kiunoni. Hakuna aliyesogea.

"Kisu! Sasa hivi!"

Masanja alikuwa anatazama mawingu. Mwingine alikuwa anatazama buti zake.

Ndipo Murjani akauinua mkono wake mwenyewe mpaka kinywani, akakamata uzi kwa meno, akavuta. Alama zikatoka moja baada ya nyingine, zikaacha kitambaa kipya ambacho jua halijawahi kukiona. Akaziweka mkononi mwa Luteni. Akapiga saluti, na sijaona saluti nzuri kama ile tangu siku hiyo. Kisha akageuka, akavuka ua mbele yetu sote kwa hatua zake ndefu, akatoka langoni, na hakuna tarumbeta iliyomwamuru.